Marehemu Amepanda Gari la Jumamosi

Sehemu ya Saba

Mlio nami tangu mwanzo mnajua nimekwisha kupoteza baiskeli, jino moja la mbele na heshima mbele ya baba mkwe. Aliyeanza leo asipate tabu: mimi ni Raymundi Mahona wa Ntalikwa, na mwaka ule wa hamsini na mbili nilikuwa karani wa simu ya waya katika Kampuni ya Simu ya Njia Kuu, ofisi ya Tabora.

Msomaji mmoja wa Nzega ameandika barua kwa mhariri kwamba mimi ni mwongo. Ndugu yangu, umenipata. Wiki hii nautoa uwongo wenyewe hadharani, kisha uniandikie tena.

Kwanza mjue Kampuni ilikuwa kitu gani. Tulipewa viatu vyeusi, jozi mbili kwa mwaka. Tulipewa kofia yenye beji ya shaba. Saa nne asubuhi ilikuja chai ya maziwa, bure, na mkate. Nikipita Mtendeni na kofia yangu, hata wauza nyanya walinisogezea kivuli. Nagonga kidude mezani, na Kigoma wanajua gari la moshi limechelewa kabla dereva wake hajajua. Nani mwingine Ntalikwa aliweza hayo? Hakuna!

Basi mngeona upande wa pili. Kwenda chooni kulikuwa na fomu. Fomu namba sita. Unaandika saa ya kutoka, saa ya kurudi, na sababu. Sababu, jamani! Mzee Mussa, fundi wetu wa waya, kila siku aliandika "ukaguzi".

Na ukutani palikuwa na bango kubwa: KAMPUNI NI JAMAA MOJA. Jamaa moja, lakini karani wa daraja la tatu haruhusiwi kukaa kambini na mke wake. Lazima uwe daraja la pili ndipo upewe nyumba.

Miaka mitatu mke wangu Imakulata aliishi kwa mama yangu Ntalikwa na binti yetu Tekla. Mimi nilikwenda Jumapili baada ya misa, nikarudi jioni. Siku moja nafika mlangoni, Tekla akageuka ndani akaita: "Mama! Yule mgeni wa Jumapili amekuja."

Nilicheka. Imakulata alicheka. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kwa hiyo nilipokuambieni wiki iliyopita kwamba daraja la pili limepata nafasi moja, na nyumba namba tisa iko tupu, mlielewa kwa nini silali. Nikiipata, mwanangu ana baba. Nikiikosa, naendelea kuwa mgeni.

Sasa shikeni hapo, nije kwenye ujinga wangu.

Manyoni kulikuwa na karani mwenzangu, Silasi Chilewa, Mgogo. Miaka kumi na minne kazini, na tangu mkewe afariki hakuoa tena. Kila mtu kwenye waya alijua anapika Jumamosi na kula chakula hichohicho mpaka Jumatano. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu babu zetu wapagazi walipovuka kwao na mizigo kichwani, wakauziwa maji kwa shanga. Mtani unamtukana, unamnyang'anya kofia, ukipenda unamzika akiwa hai. Naye hakasiriki. Akikasirika ameshindwa.

Jumatatu asubuhi Silasi alichelewa kufungua stesheni yake dakika kumi. Dakika kumi! Mimi ningemwacha? Nikashika kidude, nikagonga kwa stesheni zote, kutoka Dodoma mpaka Kigoma:

"Tangazo la msiba. Silasi Chilewa wa Manyoni hatunaye. Ameuawa na kiporo. Mazishi yafanywe mapema kabla hajanusa chakula akaamka."

Itigi wakacheka kwa kugonga. Urambo wakatoa rambirambi. Silasi mwenyewe alipofungua akajibu: "Asanteni. Mnyamwezi ndiye atachimba kaburi, amezoea kubeba."

Utani mzuri, wa kiasi, kama wa siku zote. Tatizo moja tu.

Wiki ile Kampuni ilikuwa imeleta mtambo mpya wa utepe. Kila kinachopita kwenye waya unakiandika kwenye karatasi ndefu nyembamba, hata kidole kikiteleza. Tabora nzima mtu mmoja tu ndiye aliyejua kuuendesha. Alikuwa ameuwasha saa moja asubuhi, kwa mikono yake, akaupangusa vumbi, akausifu. Mtu huyo ni mimi.

Saa sita Bwana Hobart, mkaguzi wetu, akanijia na utepe umening'inia mkononi. Alijifunza Kiswahili kitabuni, tena kitabu kizito.

"Bwana Raymundi," akasema, "nimesoma habari hii ya majonzi. Moyo wangu umehuzunika mno."

"Bwana, hiyo ni..."

"Usiseme. Ulimjua. Hata hivyo ulitoa habari kwa stesheni zote kabla ya saa mbili, bila kutetemeka. Hilo ndilo Kampuni inalolitafuta kwa mtu wa daraja la pili."

Daraja la pili!

Mdomo wangu ulikuwa wazi, na ukweli ulikuwa umefika kwenye meno. Nikaufunga mdomo. Naapa sikupanga, ulijifunga wenyewe.

"Nisaidie jambo moja," Bwana Hobart akasema, akatoa fomu ya vifo. "Hiki kiporo ni ugonjwa gani?"

Mzee Mussa alikuwa juu ya ngazi anakaza waya. Nikasikia koleo limeanguka.

"Ni... ni wa tumbo, bwana."

"Unaambukiza?"

"Ukila na mgonjwa, bwana."

Akaandika. Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipokuwa mwongo. Nilijisemea kesho nitaeleza. Kesho!

Kesho yake tangazo lilikuja kutoka makao makuu kwenda stesheni zote: wafanyakazi wachemshe maji, kiporo kimeingia Manyoni.

Na Silasi akagonga: "Mnyamwezi. Nimeletewa maua yangu. Mazuri. Nimeyaweka kwenye sufuria."

Nikacheka mpaka machozi. Nilidhani yataishia kwenye maua.

Mchana Silasi akagonga makao makuu mwenyewe, kwa adabu, kwamba yeye ni mzima na anaomba jina lake lirudishwe kwenye orodha. Mnajua alijibiwa nini? Hakujibiwa yeye. Tulijibiwa sisi wengine wote: "Mtu asiyejulikana anatumia waya wa Manyoni kwa jina la marehemu. Ni marufuku kumjibu. Karani mpya anafika Jumatano."

Kidude changu kikaanza tena kulia. Silasi.

"Raymundi." Hajawahi kuniita Raymundi. "Waambie wewe. Tangazo lilitoka kwako. Mimi ni mzima au si mzima?"

Bwana Hobart alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anasubiri aone kama mtu wa daraja la pili anafuata amri.

Nilikuwa na kidole juu ya kidude. Nikakitoa. Nikaweka mkono mapajani.

Kikalia mara tatu zaidi, kisha kikanyamaza. Mzee Mussa akashuka kwenye ngazi, akajaza fomu namba sita, akatoka. Nilipoitazama baadaye, mahali pa sababu alikuwa ameandika "kichefuchefu".

Jumatano karani mpya akakaa kwenye kiti cha Silasi. Siku hiyohiyo ikatangazwa: daraja la pili, Raymundi Mahona. Ufunguo wa nyumba nitapewa Jumamosi, niite mke wangu.

Niliruka? Niliruka, msinione mnafiki. Kisha nikakaa chini na viatu vyangu vipya vikaniuma.

"Mzee Mussa," nikasema, "nikieleza sasa itakuwaje?"

"Utafukuzwa."

"Nisipoeleza?"

"Utapewa nyumba." Akafunga mkoba wa vifaa vyake. "Kichwa chako, bwana wa daraja la pili. Mimi usinitie."

Alhamisi alfajiri Bwana Hobart akatuambia anakwenda Manyoni kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha relini cha kukagulia waya, kuiwakilisha Kampuni mazishini. Jeneza lilikuwa limekwisha kutangulia. Akapakia koti jeusi. Akapakia na bunduki. Sikuuliza. Jioni ileile akarudi na kanga wawili wamening'inia ubavuni, akanipa mmoja.

"Wa kufungulia nyumba," akasema.

Kutoka Tabora mpaka Manyoni na kurudi, siku moja, kwa kiberenge! Siku nyingine ningepiga hesabu. Siku ile akili yangu ilikuwa imejaa Silasi, haikuwa na nafasi ya reli.

Jumamosi ikafika. Imakulata alikuja na jirani aliyembebea godoro, yeye sufuria mkononi na Tekla mgongoni. Mlango ulikuwa umeachwa wazi ukisubiri sherehe ya ufunguo; akafungua kila dirisha la nyumba namba tisa, akalifunga, akalifungua tena. Akabonyeza swichi, taa ikawaka mchana kweupe.

"Raymundi! Inawaka!"

"Ndiyo kazi yake, mama Tekla."

"Usinifundishe. Nimesema inawaka kwa sababu nimefurahi." Akamtupa kanga wa Bwana Hobart kwenye sufuria, akaanza kuchochea moto uani kama mtu aliyeishi pale miaka kumi.

Saa saba Bwana Hobart akaja na koti jeusi, akasimama sebuleni, akatoa hotuba.

"Kampuni ni jamaa moja," akaanza. "Alhamisi nilisimama penye kaburi la ndugu yetu wa Manyoni. Nilimshika mkono mjane wake. Alilia sana, nami nikamwambia..."

Maneno yalinipita. Masikio yangu yote yalikuwa kwa Tekla. Nilikuwa nimempakata, ananichezea beji, na ghafla akaniuliza, bila kunitazama, "Baba, hii ni ya nani?"

Baba. Akasema tena, "Baba?"

Bwana Hobart alikuwa ameninyooshea ufunguo. Nikaupokea, nikampa Imakulata. Akaubana kifuani kwa mikono miwili. Ningekufa pale ningekufa nimeshiba.

Ndipo tukasikia kilio nje.

"Uuuwi! Silasi wee! Silasi mwana wa Chilewa! Wanyamwezi wamekumaliza! Wabeba pembe waliouziwa maji na babu zetu wamekubebesha udongo!"

Mlango ukafunguliwa. Silasi Chilewa, mrefu, mwembamba, majivu usoni, kibuyu begani, tiketi ya gari la asubuhi bado imebanwa kwenye kofia. Amekuja kujililia mwenyewe nyumbani kwa mtani wake, kama mila inavyomruhusu, na anadai fidia ya kuzikwa. Alikuwa anacheka machoni. Ameonewa, amepoteza kazi, na bado anacheka! Ndiyo utani wenyewe, hakuna anayekasirika.

"Nani huyu?" Bwana Hobart akauliza.

Silasi akafumbua mdomo. Akamwona Tekla kwenye mkono wangu. Akamwona Imakulata na ufunguo wake kifuani. Akaitazama taa inayowaka mchana. Akanitazama mimi kwa muda, na kile kicheko machoni kikatulia.

Akavua kofia.

"Mimi ni ndugu wa marehemu, bwana mkubwa," akasema. "Nimekuja kushukuru kwa maua."

Nikahisi damu imepanda mpaka kwenye masikio. Miaka kumi na minne ya kazi, kiti chake, jina lake, ananipa hivihivi, kama anayenimegea tumbaku!

"Silasi, usifanye hivyo," nikamnong'oneza.

"Nyamaza, Mnyamwezi." Aliniinamia kana kwamba ananipa pole. "Mimi nina mbuzi, wananitosha. Wewe una mtoto. Ila ulipoacha kunijibu kwenye waya, hapo ndipo uliponizika."

Jamani. Ningeweza kunyamaza. Nyumba ilikuwa yangu, marehemu mwenyewe amekubali kufa. Nani angejua?

Lakini mnajua hasira zangu, na safari hii zilinigeukia mimi mwenyewe. Nikamweka Tekla chini.

"Bwana Mkaguzi! Huyu si ndugu wa marehemu. Huyu ndiye marehemu!"

"Ngoja," akasema Bwana Hobart. "Umesema nini?"

"Ndiye Silasi Chilewa. Hajafa. Ulikuwa utani wangu mimi, na mtambo wako ukauandika. Kiporo si ugonjwa, ni chakula cha jana. Mtu huyu hana maradhi, hana mke, hana hata shati la pili. Ana kazi tu, na mimi nimempokonya. Mrudishie. Nifukuze mimi."

Sikuthubutu kumtazama Imakulata. Nilisikia miguu yake peku sakafuni. Alikwenda mezani, akaweka ufunguo mbele ya Bwana Hobart, taratibu, bila kuambiwa na mtu. Mkono wake ulibaki juu ya ule ufunguo kidogo zaidi ya lazima. Moyo wangu ukauma kuliko siku ya "mgeni wa Jumapili".

"Tekla, njoo nikubebe," akasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa bibi."

"Na baba?"

Imakulata akambeba. Nilidhani Bwana Hobart atapaza sauti, ataita askari. Nikainua macho.

Bwana Hobart alikuwa amegeuka rangi. Uso ulikuwa mweupe, kisha mwekundu, kisha rangi ambayo sisi hatuna jina lake. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Silasi, kuanzia majivu mpaka vidole vya miguu, na jasho linamtoka chini ya koti jeusi.

"Hana mke?" akauliza polepole.

"Tangu vita viishe, bwana," Silasi akasema. "Stesheni zote zinajua."

Imakulata alikuwa amefika mlangoni na mtoto. Akasimama. Mke wangu ana tabia moja: akipata wazo, hageuki haraka. Aligeuka kidogokidogo, akarudi mezani, akainama mbele ya Bwana Hobart kwa heshima zote, kama anayemwamkia padri wa Kipalapala.

"Samahani, bwana," akasema. "Naomba kuuliza, mimi sikusoma. Yule mjane uliyemshika mkono Alhamisi, akalia sana... alikuwa mjane wa nani?"

Nje jikoni sufuria ilikuwa inachemka, tukaisikia.

"Na huyu kanga," Imakulata akaendelea, sauti laini kabisa, "naye alitoka msibani?"

Bwana Hobart alitoa leso akajifuta shingo. Akaenda mlangoni. Nikasema basi, anaita askari. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akaufunga mlango kwa komeo, yeye akiwa ndani pamoja nasi.

"Mama," akasema. Sijawahi kumsikia mtu wa Kampuni akimwita hivyo mke wa karani. "Ile taarifa ya mazishi imekwisha kufika makao makuu. Nimeweka sahihi. Nimeandika watu sitini walihudhuria. Nimeandika na nyimbo."

"Nyimbo gani?" Silasi akauliza. Alionekana anataka kujua kweli.

Bwana Hobart alikuwa anamtazama Imakulata.

Naye Imakulata alinyoosha mkono, akauchukua ufunguo mezani, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Fundo moja. Kisha la pili.

"Kaa basi, bwana," akasema. "Huyu kanga anakaribia kuiva, na mimi siwezi kufikiri na njaa."

Silasi alikuwa wa kwanza kuvuta kiti. Tekla akamfuata, akamgusa majivu shavuni kwa kidole, akaniuliza, "Baba, huyu mgeni ni nani?"

Nilitaka kumjibu. Lakini Kampuni ilikuwa na fomu ya kwenda chooni na fomu ya kufa, ya kurudi hai haikuwa nayo, na wakati huohuo mtu akabisha hodi nje. Ilikuwa sauti ya Mzee Mussa, na haikuwa sauti yake ya kawaida.

"Bwana Mkaguzi, fungua. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu ameshuka na gari lilelile la asubuhi. Anasema amepita Manyoni kuweka shada la maua, na kaburi hakuliona."